Ripota na Sauti ya Kuazima

Ripota alikuwa na tabia moja iliyoniudhi kwa miaka yote niliyombebea kamera. Akishamuuliza mkubwa swali, hamtazami usoni. Anamtazama viatu. Kwenye skrini alionekana kama mtoto aliyevunja sahani, na kila tukirudi Arua nilimlalamikia. Hakujali. Siku moja injinia alikuwa akieleza jinsi alivyotembea kukagua kalvati za Ayivu asubuhi ile ile, baada ya mvua ya usiku kucha. Ripota akamwomba kwa adabu ainue mguu kidogo, watazamaji waone soli. Soli ilikuwa inang'aa. Injinia akacheka, sisi tukacheka, taarifa ikatoka jioni, na kalvati mpya hazijaletwa mpaka leo.

Kazi zake nyingi zilikuwa hivyo. Mji mzima unacheka jioni moja, kisha kimya.

Jina lake silitaji, na mjini hakuna aliyelitumia. Wauza mitumba walimwita Ripota, mapadri walimwita Ripota, hata mkewe nilimsikia akimwita hivyo siku moja alipokuwa amekasirika. Kituo chetu cha televisheni kilikuwa juu ya duka la vipuri vya pikipiki, chumba cha habari na studio mlango kwa mlango, na mtu akijaribu honi kule chini ilisikika kwenye taarifa ya habari. Tulikuwa wachache. Yeye alishughulikia siasa na yale mambo yaliyofichwa. Mimi nilipiga picha na kuzihariri. Watu walidhani mimi ni mke wake wa pili, na yeye hakujisumbua kuwakanusha mpaka mama yangu alipokuja kutoka Manibe kumuuliza mbele ya wafanyakazi wote mahari iko wapi.

Huyo aliyetazama viatu vya wenzake, yeye mwenyewe alivaa ndala. Kamera inaishia kifuani, alisema, kwa hiyo shati lilipigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na kuanzia kiunoni kwenda chini ilikuwa aibu tupu. Alikataa kabisa kupanda gari la mwanasiasa. Tulikwenda Koboko kwa teksi za kubanana au kwa boda, kamera nimeifunga kwa mifuko ya plastiki, huku magari ya wakubwa yakitupita na kuturushia vumbi na salamu. Lakini kwenye harusi za wakubwa hao hao alikaa mstari wa mbele na kurudia sahani. Nilipomuuliza tofauti iko wapi, alinijibu huku anatafuna, "Gari linanipeleka anakotaka yeye. Nyama inakwenda ninakotaka mimi."

Alipenda kusalimiwa. Hilo lilikuwa gonjwa lake. Angeweza kutoka kituoni hadi benki kwa njia fupi, lakini alizunguka sokoni ili aitwe. Watoto walimpigia kelele, "Tutafuatilia!" maana ndilo neno alilomalizia kila taarifa yake. Walidhani wanamtania, naye alipunga mkono kama mbunge. Ninalotaka lieleweke ni kwamba alifuatilia kweli. Kisima kilichoharibika alikirudia mwaka baada ya mwaka, akasimama pale pale, akauliza swali lile lile, mpaka wanakijiji wenyewe wakamchoka na kumwomba awaachie waende zao shambani.

Maswali magumu aliuliza kwa Kiswahili. Kilugbara alikuwa nacho cha nyumbani, Kikakwa cha kutosha kugombana, Kiingereza cha makaratasi. Lakini hapa kwetu Kiswahili ni lugha ya kambi na ya soko, si ya mama wa mtu, na mzee akiulizwa kwa Kiswahili hunyoosha mgongo kwanza, kana kwamba ameitwa na afande. Ripota alijua hivyo na alikitumia bila huruma.

Kwa waliompa siri alikuwa mtu mwingine. Hakuwahi kutaja jina la mtoa habari hata kwangu niliyekaa naye chumba kimoja, isipokuwa pale nilipolazimika kwenda. Tukishamaliza kuhariri alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nifute sauti halisi, kisha akaniomba nitafute tena kwenye mashine nihakikishe haipo. Nilimwambia anajifanya jasusi. Akasema mashine zetu huibwa kila baada ya uchaguzi, na hapo hakukosea.

Sasa nimlete Mama Chai, maana bila yeye Ripota hasimuliki.

Mama Chai aliuza chai na mandazi kwenye ujia, chini ya ngazi zetu. Alikuwa Mnubi wa Koboko, aliyeolewa Arua na kufiwa na mumewe, na mama yake mzazi alikuwa bado hai kule kwao, kwenye nyumba ya kaka yake. Kila Ijumaa alifunga birika mapema akapanda teksi kwenda kumwona. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, yenye mkwaruzo, na mtu akishaisikia haisahau. Sisi tuliizoea ikiita "Chai iko moto!" tukaacha kuisikia.

Mwaka mmoja dereva wa gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya upande wa Koboko alimtumia Ripota ujumbe kwamba ana neno. Tulimkuta Kuluba, nyuma ya nyumba yake, karibu na jiwe ambalo mkewe alianikia mihogo. Alikuwa mwanamume mkubwa, mwenye mikono ya kazi, na alizungumza akitazama barabarani. Alisema gari la wagonjwa halibebi wagonjwa. Mheshimiwa mmoja, ambaye sitamtaja naye, alilitumia kupeleka kreti za bia kwenye soko la mpakani, maana gari lile halisimamishwi kwenye vizuizi. Wajawazito wanapelekwa kwa baiskeli. Wiki iliyopita mama mmoja alijifungulia njiani na mtoto akafa, na saa ile dereva alikuwa anashusha kreti. Hapo akaanza kulia.

"Mimi nasema kwa sababu ile mtoto," alisema. "Lakini sura yangu hapana toka, na sauti yangu hapana toka. Mheshimiwa nikijulikana, mimi nimekwisha. Iko na watoto."

Ripota alimshika mkono akaapa. Nilimwona akiapa. Nikapiga picha ya mihogo kwenye jiwe, na kesho yake ya gari la wagonjwa, yeye akiliendesha, likipita na mgongo umelemewa, tukarudi.

Ndipo Ripota akapata wazo ambalo alijivunia kwa siku mbili. Maneno ya dereva yasomwe na mtu mwingine, tena mwanamke. Nani atamtafuta mwanamume aliyesema kwa sauti ya mwanamke? Na uzuri wa Kiswahili, aliniambia akipiga meza, hakisemi huyu ni dume au jike. "Mimi naona kwa macho yangu" ni ile ile, aseme baba aseme mama. Hatukubadilisha herufi. Tuliondoa usukani, tukaondoa mke, na yaliyobaki yangeweza kusemwa na yeyote aliyefika pale. Taarifa ya Kiingereza ndiyo ilileta ubishi, maana lugha ile inakulazimisha kuchagua, na Ripota aliisoma mwenyewe akachagua mwanamke. Tukatafuta sauti isiyojulikana na mtu. Watangazaji wote walijulikana. Ripota akashuka ngazi akamwita Mama Chai.

Alimwambia asome tu, kwamba ni maneno ya mtu mwenye hofu. Mama Chai alifuta mikono kwenye leso, akasoma vizuri kupita sisi sote, akafurahi kwamba atasikika kwenye televisheni. Hakuuliza lolote.

Alichosahau Ripota, na alikisahau kwa sababu yeye ni Mlugbara wa Arua ambaye harusi za Wanubi alizijua kwa pilau tu, ni kwamba kabla ya kuolewa Mama Chai alikuwa ndiye anayewaimbisha wanawake kwenye doluka, ile ngoma yao ya harusi. Hakukuwa na nyumba Koboko ambayo haikumsikia. Tulitafuta sauti isiyojulikana na mtu, tukachukua ile iliyowahi kuingia kila ua wa mji ule ule tuliokuwa tunauficha siri.

Taarifa ilitoka jioni. Kesho yake asubuhi kaka yake Mama Chai alikuwa kwenye ujia wetu. Kwa bahati mbaya iliyozidi zote alikuwa mfagizi wa kituo kile kile cha afya. Alikuwa ameshafukuzwa kabla hajala.

"Mimi naleta siri ya kazi kwako lini?" alimpigia kelele dada yake. "Lini? Sema mbele ya watu! Wao nasema mimi liambia wewe, wewe lisema televisheni."

"Kaka, mimi lisoma tu. Wallahi, mimi hata hapana jua ile gari."

"Koboko nzima lisikia wewe!"

Ripota alishuka ngazi mbili mbili. Akasimama kati yao na ndala zake, akasema, "Mzee, nisikilize. Si dada yako aliyesema. Ni mtu mwingine."

"Basi iko nani?"

 Ripota alitazama chini. Kaka akasubiri, wateja wakasubiri, na mimi kule juu ya ngazi nilisubiri pia, ingawa nilijua jina. Ripota akasema hawezi kumtaja. Kaka akatikisa kichwa, akamwambia dada yake asikanyage tena nyumbani kwake, na kwamba mama yao ataambiwa amesafiri.

Ijumaa ile Mama Chai alikwenda Koboko kama kawaida. Lango halikufunguliwa. Alimsikia mama yake akikohoa ndani ya ua, akaita, na watoto wa kaka wakaambiwa waongeze sauti ya redio.

Tangu hapo Ripota hakuwa na jambo jingine kubwa maishani isipokuwa hilo: kumsafisha Mama Chai ili lango lile lifunguliwe. Alifanya taarifa nyingine, akachekesha mji mara kadhaa, lakini nilimjua. Alikwenda Kuluba kumwomba dereva amruhusu aseme. Nilikuwepo. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ripota, mimi nahurumia ile mama. Lakini wewe liapa. Siku mimi nikikufa, sema. Kabla, hapana."

Njiani nilimwambia Ripota amwambie kaka kimya kimya, yeye peke yake. Akaniuliza kama mimi ningekuwa dereva ningependa hivyo. Nikaliacha, maana mfagizi aliyefukuzwa ana hasira, na hasira ile ingefika kwa Mheshimiwa kabla ya jua kuzama.

Alimwendea Mama Chai pia, akataka angalau yeye ajue nani alimponza. Yule mama akaziba masikio kwa mikono iliyojaa unga. "Hapana ambia mimi jina! Mimi nikijua, siku moja hasira yangu itasema." Kisha akammiminia chai. Nilikasirika kwa niaba yake kuliko alivyokasirika mwenyewe, na bado nimekasirika.

Na Mheshimiwa? Iliundwa kamati. Kamati ikaja kula, ikaliona gari limeoshwa, ikaondoka. Baada ya muda kreti zikarudi. Uchaguzi ulipofika alisimama kwenye mkutano akasema kuna mwanamke mmoja wa Arua alilipwa amtukane, watu wakazomea, wakampa kura nyingi kuliko mara ya kwanza. Ripota aliripoti matokeo hayo mwenyewe, shati limenyooka, na akamalizia kwa neno lake lile lile. Watoto hawakulirudia tena sana.

Mwenye kituo naye alichoka. Matangazo ya biashara ya wakubwa yalikuwa yanakwenda kwa wenzetu, kwa hiyo kipindi cha Ripota kikapewa mhubiri, na Ripota akapewa matangazo ya vifo. Nilitegemea ataacha kazi. Hakuacha. Alisoma vifo kwa uangalifu ule ule wa zamani, akapiga simu kuhakikisha kijiji na siku ya maziko, akagombana na familia zilizotia chumvi kwenye vyeo vya marehemu. Mimi nikahamia kupiga picha za harusi, lakini nilipita pale kwenye ujia kunywa chai, na tulikaa watatu tukizungumza bei za vitu.

Katika miaka hiyo Ripota alikuwa na tabia mpya ambayo sikuipenda. Alianza kuulizia afya ya dereva. Akimpata mtu wa Kuluba sokoni, baada ya salamu angeuliza, kana kwamba limemjia tu, yule jamaa hajambo? Akiambiwa anaumwa, uso wake ulichangamka kidogo, kisha akaona haya akanunua vitunguu asivyovihitaji. Nilimwambia waziwazi kwamba anamngoja mtu mzima afe. Akaniambia, "Najua. Unafikiri nalala?"

Dereva akafa kweli, kwa ini, baada ya kuugua miezi. Tangazo lilifika mezani kwa Ripota na akalisoma mwenyewe, jina, kijiji, kazi aliyoifanya. Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwangu amevaa viatu. Tukapanda teksi ya Koboko.

Watu walikuwa wengi. Nusu ya mji ilikuja, na wafanyakazi wa kituo cha afya wote, wa sasa na wa zamani, kwa hiyo kaka yake Mama Chai alikuwepo, amekaa pembeni na kofia yake nyeupe. Mheshimiwa alikuwa ameleta mahema na jeneza. Mtoto mkubwa wa marehemu ndiye aliyekuwa sasa anaendesha gari la wagonjwa. Lilikuwa limeegeshwa chini ya mti likipumzika. Baada ya sala mzee wa ukoo akasimama akauliza, kama wanavyouliza kwetu, kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, alitoe kabla ya udongo.

Ripota akasimama. Nilimvuta shati kidogo, sijui kwa nini. Alizungumza kwa Kiswahili, polepole, bila kutazama viatu vya mtu. Alisema marehemu alikuwa mtu jasiri. Alisema kwamba yale maneno ya kreti na ya mtoto aliyefia njiani yalikuwa ya marehemu, aliyatoa akilia, na kwamba mama aliyesikika aliazimwa sauti tu na hakujua lolote, wala kaka yake hakutoa siri yoyote. Alisema marehemu ndiye aliyempa ruhusa aseme siku hii. Kisha akamgeukia mjane na kumwomba radhi.

 Mjane, aliyetuandalia enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, na maharage siku ile ya mihogo, alimtazama Ripota, akamtazama Mheshimiwa, akalitazama gari, akamtazama mwanawe.

"Mume yangu hapana sema kitu kwa mtu," alisema. "Mimi hapana jua hawa."

Mzee wa ukoo hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Ripota, sisi hapana wajinga," alisema. "Ile siku sisi yote lisikia mwanamke. Hata Kiingereza lisema mwanamke. Wewe mwenyewe lisoma. Leo wewe naweka kwa mtu ya kufa, kwa sababu maiti hapana jibu. Sasa kaa chini, tuzike mtu yetu."

Tulitafuta kitu cha kumwonyesha. Hakikuwepo, sauti niliifuta mwenyewe. Ripota akakaa.

Kaka yake Mama Chai alitungoja barabarani. Nilifikiri atapiga mtu. Alimwambia Ripota kwa sauti ya chini, "Dada yangu natuma wewe mpaka kwa maziko ya watu. Hata haya hana." Akapanda baiskeli yake akaenda.

Tulifika Arua jua linazama. Mama Chai alikuwa anaosha vikombe, simu iko karibu na beseni, na nilipomwona nilijua ameshapigiwa. Ripota alikaa kwenye benchi akaanza kueleza, neno moja moja, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Mama Chai alimwacha amalize. Hakulia. Akapangusa kikombe, akakiweka kifudifudi.

"Kaka lipiga simu," alisema. "Yeye nasema, hata mama yetu akikufa, mimi nisikuje. Zamani yeye hapana sema hivyo. Zamani lisema tu lango."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Mimi najua wewe lidhani." Akachukua kikombe kingine. "Ripota, wewe iko nasoma watu ya kufa kila siku. Soma na mimi. Sema ile mama ya chai lifariki, maziko Koboko, kwa nyumba ya kaka yake. Pengine wao nafungua."

Sikujua kama anatania, na nadhani yeye pia hakujua. Ripota alimtazama usoni. Juu wakamwita, saa ya matangazo imefika. Alipanda ngazi, nasi tukasikia mlango wa studio ukifungwa, na baada ya muda sauti yake kwenye televisheni ya dukani ikisoma majina ya siku hiyo. Mama Chai aliacha kuosha akasikiliza mpaka jina la mwisho; lake halikuwemo.

Halafu akanipa kitambaa, nikaanza kumsaidia kukausha vikombe.